Kompyuta ya Gemu na Uhariri wa Video: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtu anayetaka kuunganisha kompyuta ya kuchezea gemu na kuhariria video mjini Kampala hupokewa dukani kwa namba: i7, gigabaiti 16, wati 600. Namba hizo kwa kawaida si za uongo, ila hazisemi lolote kuhusu faili zitakazofunguliwa wala umeme utakaoilisha mashine, na ndiyo sababu wanunuzi wengi hutumia fedha nyingi mahali pasipostahili.

"i7 hushinda i3 siku zote"

Tarakimu ya 3, 5 au 7 hupanga prosesa (kitengo kinachofanya hesabu za kompyuta) za Intel ndani ya kizazi kimoja tu. Core i7-4790 ya kizazi cha 4, ya mwaka 2014, ambayo bado hukutwa katika kompyuta za ofisi zilizotumika, ina viini vinne (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi nane (kazi inazoweza kuendesha kwa pamoja). Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina idadi ileile, lakini kila kiini chake hufanya kazi kubwa zaidi katika kila mzunguko, na katika gemu huiacha i7 hiyo mbali. Isitoshe, Windows 11 kwa jumla inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayelipia i7 ya zamani kwa sababu ya jina lake ananunua pia tatizo la mfumo endeshi, yaani Windows.

"Nikiwa na kadi ya grafiki, grafiki iliyo ndani ya prosesa haina faida"

Kwa mchezaji wa gemu pekee, dhana hii ina ukweli. Core i5-12400F haina grafiki ya ndani, kwa kawaida ni nafuu kuliko i5-12400, na katika gemu hutaona tofauti kati yao. Kwa mhariri wa video, hata hivyo, herufi F hiyo yaweza kuwa kosa la gharama kubwa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo jambo linalofafanuliwa kwa uchache zaidi madukani.

Grafiki ya ndani ya Intel hubeba sakiti maalumu iitwayo Quick Sync, ambayo kazi yake ni kusimbua na kusimba video, yaani kuifungua video iliyobanwa na kuibana. Kamera nyingi za kisasa zinazotumiwa kurekodi harusi na sherehe za kwanjula (utambulisho wa kimila wa wachumba) hutoa faili za H.265, muundo wa kubana video, zenye biti 10 na rangi za 4:2:2, yaani zenye maelezo mengi ya rangi. Quick Sync ya prosesa za mezani imeweza kusimbua faili za aina hiyo tangu kizazi cha 11. Kadi za Nvidia hazikuweza hadi mfululizo wa RTX 50 ulipotoka mwaka 2025, kwa hiyo RTX 3060 au hata RTX 4070 huuachia mzigo huo viini vya prosesa isiyo na Quick Sync, na video hukwamakwama kila unapoisogeza. Grafiki ndogo iliyo ndani ya Ryzen 5 7600, prosesa ya AMD, nayo haisimbui 4:2:2. Mhariri anayetumia programu za kuhariria kama Premiere Pro au DaVinci Resolve Studio anaweza kufanya kazi kwa utulivu zaidi akiwa na i5-12400 na kadi ya kati kuliko mwenzake mwenye kadi ghali iliyofungwa pamoja na prosesa yenye F. Tahadhari moja: jambo hili linahusu H.265. Kamera ikirekodi 4:2:2 ya biti 10 kwa H.264, muundo wa zamani zaidi, Quick Sync ya prosesa hizo haisaidii, na ni afadhali kubadilisha mpangilio wa kamera kabla ya sherehe au kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria.

"Kadi yenye gigabaiti nyingi ndiyo yenye kasi"

Kadi ya GT 730 yenye gigabaiti 4 za DDR3, aina ya kumbukumbu ya polepole, huuzwa kwa maelezo kwamba ina kumbukumbu sawa na GTX 1650. Gigabaiti ni sawa, lakini kumbukumbu ya GT 730 hiyo hupitisha takribani gigabaiti 14 za data kwa sekunde, ilhali ile ya GTX 1650 ya GDDR5, aina yenye kasi zaidi, hupitisha 128. Kiasi cha kumbukumbu huanza kuwa hoja pale kadi yenyewe inapokuwa na nguvu: katika uhariri wa 4K wenye athari nyingi, gigabaiti 4 huisha mapema, na mimi nisingeshuka chini ya 8.

Kuhusu RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, maneno ni machache. Vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa husoma njia mbili kwa pamoja, na RAM ya DDR5 haiingii katika madabodi (bodi kuu) ya DDR4 hata muuzaji aseme nini.

"Bila vipuri vipya huwezi kuhariri filamu"

Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, amehariri filamu zilizotazamwa duniani kote kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kutokana na vipuri vilivyotumika. Kilichombana kilikuwa nafasi ya diski, hata akalazimika kufuta faili za filamu iliyokamilika ili apate pa kuweka iliyofuata. Hesabu ya nafasi hiyo ni rahisi: video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo sherehe ya saa sita iliyorekodiwa kwa kamera tatu hufikia gigabaiti 810. Video moja ya namna hiyo husomwa kwa megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, na SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya kawaida ya SATA hufikia takribani 550. Fedha za SSD ya NVMe, aina ya kasi zaidi inayofikia megabaiti 7,000 kwa sekunde, zingefaa zaidi kununulia diski kubwa ya kuzunguka (HDD) ya kuhifadhia kazi zilizokwisha, pamoja na nyingine ya nakala.

"Wati 600 ni wati 600, na UPS yoyote inatosha"

Hapa ndipo mashine nyingi hufia. Pawasaplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) za bei ya chini huandikwa wati ambazo haziwezi kuzitoa kwa muda mrefu, na alama ya ubora ya 80 Plus hupima ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kama joto. Haithibitishi kwamba kifaa kina ulinzi mzuri. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wa Uganda ni volti 240, na pawasaplai iliyotoka Marekani ikiwa imewekwa kwenye 115 huungua mara inapochomekwa. Kompyuta nyingi ndogo za ofisi, nazo, zina pawasaplai ya wati 180 hadi 300 yenye plagi zisizo za kawaida, hivyo kadi inayozifaa ni ile isiyohitaji waya wa ziada, kama aina nyingi za GTX 1650 zinazotumia wati 75.

UPS, betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika, hupimwa kwa VA (volti mara ampea), na ya VA 650 mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390 tu. RTX 3060 hutumia hadi wati 170 na i5-12400 hadi 117. Ukiongeza madabodi, diski na monita, UPS hiyo imekaribia kikomo chake. Tena, UPS rahisi hutoa mawimbi ya umeme yasiyo laini, ambayo baadhi ya pawasaplai bora huyakataa na kuzima papo hapo umeme wa laini unapokatika. Kabla ya kulipa, iombwe UPS ijaribiwe kwa kuchomolewa ukutani huku kompyuta yenyewe ikifanya kazi nzito, na itarajiwe kutoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine, si za kumalizia video ya saa mbili.