Je, wajua kwa nini pasipoti ya Uingereza haikumtosha Mhindi wa Nairobi mwaka 1968?

Mwanzoni mwa mwaka 1968 maelfu ya Wahindi wa Kenya walikuwa wakipanda ndege kwenda London wakiwa na pasipoti halali za Uingereza mkononi. Mwaka uliotangulia Kenya ilikuwa imetunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia wake, na wengi wao hawakuwa wameomba uraia wa Kenya katika miaka miwili waliyopewa baada ya uhuru. Kisheria walikuwa Waingereza, kwa kuwa sheria ya uraia ya 1948 ilimweka mzaliwa wa London na mzaliwa wa Nairobi katika daraja moja la raia wa Uingereza na makoloni yake. Hata vizuizi vya uhamiaji ambavyo Uingereza iliweka mwaka 1962 havikuwagusa, maana pasipoti zao zilitolewa na ubalozi kwa jina la serikali ya London yenyewe.

Bunge la Uingereza likapitisha sheria mpya kwa muda wa siku tatu tu. Tangu Machi 1968, mwenye pasipoti ya namna hiyo alitakiwa kuonyesha kwamba yeye mwenyewe, mzazi wake, au babu au bibi yake alizaliwa Uingereza au alipatia uraia huko. Mlowezi wa Nakuru ambaye babu yake alizaliwa Scotland aliingia bila kizuizi, lakini seremala wa Nairobi ambaye babu yake alitolewa Punjab kuja kuwajengea Waingereza reli aliambiwa asubiri zamu katika mgao wa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Neno rangi halikuhitajika katika masharti hayo, kwani mahali alipozaliwa babu palitosha kumchuja mtu.

Tuseme kweli, serikali iliyotunga sheria hiyo ilikuwa ya chama cha Labour. Hata hivyo, waliopiga kelele zaidi kuitaka walikuwa wabunge wa Conservative, chama cha upinzani, akiwamo Duncan Sandys, ambaye alikuwa Waziri wa Makoloni wakati Kenya ilipopata uhuru, pamoja na Enoch Powell.

Ni Powell ndiye aliyesimama Birmingham tarehe 20 Aprili mwaka huohuo akamnukuu mpiga kura wake mmoja, aliyedai kwamba baada ya miaka 15 au 20 mtu mweusi ndiye atakayekuwa ameshika kiboko juu ya mzungu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kiboko kilikuwa mkononi mwa nani, wala mgongo uliochapwa ulikuwa wa nani. Hofu hiyo haikutokana na jambo lolote ambalo dereva wa basi kutoka Jamaica au mwenye duka kutoka Kenya alikuwa amelitenda. Ilitokana na kumbukumbu ya namna Waingereza wenyewe walivyoingia katika nchi za watu, ikageuzwa juu chini: aliyezoea kufika ugenini kama bwana hudhani kila mgeni naye anakuja kutawala. Ndiyo maana hata leo wanasiasa wa mrengo mkali wa kulia barani Ulaya hutaja uvamizi, na wengine hutamka waziwazi kwamba nchi zao zinatawaliwa kikoloni na wahamiaji.

Undugu huu wa mawazo kati ya ukoloni na hofu ya wahamiaji una hata ukoo wa kichama. National Front, chama cha Uingereza cha mrengo mkali wa kulia kilichoanzishwa mwaka 1967, kilizaliwa kwa sehemu kubwa na jumuiya ya watetezi wa himaya iliyoundwa mwaka 1954 kupinga makoloni kuachiwa. Kiongozi wa jumuiya hiyo, A. K. Chesterton, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kipya. Himaya ilipokwisha, watu walewale walihamishia vita vyao kwenye mpaka wa visiwa vyao.

Mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba sheria ya 1968 iliwabagua Waasia wa Afrika Mashariki kwa misingi ya rangi, kiasi cha kuwadhalilisha. Hata hivyo, waliobaki na pasipoti hizo bila uraia mwingine wowote walisubiri hadi sheria ya mwaka 2002 ndipo wakaruhusiwa kujiandikisha kuwa raia kamili.