Je, wajua kwa nini lugha ya programu ya Java husoma mstari mmoja na nafasi ya faili ikaruka hadi baiti ya 8192?

Chukua faili la maandishi lenye mistari 5000 ya herufi za kawaida za ASCII (baiti moja kwa kila herufi). Lifungue kwa FileInputStream, weka InputStreamReader juu yake, kisha BufferedReader, halafu ita readLine() mara moja tu. Ukiuliza nafasi ya faili kwa getChannel().position() ya FileInputStream, hupati urefu wa mstari wa kwanza. Unapata 8192.

Kuomba data kwa mfumo endeshi baiti moja moja kunachelewesha sana, kwa hiyo wasomaji hawa huchota ndoo nzima hata ukiomba kikombe. Mstari wako unapewa, maji yaliyobaki yanasubiri ndani ya bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu. Nafasi unayoonyeshwa ni pale ndoo ilipoishia. Ndiyo maana ukirudisha nafasi ya faili mwanzoni kwa getChannel().position(0), readLine() inayofuata bado inakupa mstari wa pili: BufferedReader hana habari kwamba umesogeza chochote, na atamaliza kwanza alichonacho.

Kama unataka kurudi nyuma kidogo tu, kuweka alama kwa mark(2000) kisha kuirudia kwa reset() kunatosha. Namba hiyo ni ya herufi, si baiti wala mistari. Ukisoma zaidi yake, reset() inaweza kutupa IOException.

Ukitaka kuhifadhi nafasi leo na kuendelea kesho, tumia RandomAccessFile:

```java
try (RandomAccessFile f = new RandomAccessFile("logi.txt", "r")) {
    f.seek(nafasi);
    String mstari;
    while ((mstari = f.readLine()) != null) {
        shughulikia(mstari);
        nafasi = f.getFilePointer();
    }
}
```

Usijaribu kuhesabu nafasi mwenyewe kwa mstari.length() + 1. Faili la Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, na katika UTF-8 (njia ya kuhifadhi herufi kama baiti) herufi moja yaweza kuwa baiti kadhaa.

Hapo hapo pana mtego unaotugusa sisi waandishi wa Kiswahili. readLine() ya RandomAccessFile hugeuza kila baiti kuwa herufi moja. Neno ng’ombe likiandikwa kwa ile ritifaa iliyopinda, ambayo ni baiti tatu katika UTF-8, litatoka limeharibika. Litengeneze hivi:

```java
new String(mstari.getBytes(StandardCharsets.ISO_8859_1), StandardCharsets.UTF_8)
```

Logi (faili la kumbukumbu za programu) inayoendelea kuandikwa ina hatari nyingine: mstari wa mwisho waweza kuwa nusu, na readLine() itakupa nusu hiyo bila kulalamika. Kabla ya kuushughulikia, rudi baiti moja kwa seek(f.getFilePointer() - 1) na uangalie kama read() inarudisha '\n'. Isiporudisha, acha nafasi ya zamani ilivyo, usubiri mstari ukamilike.

Na kabla ya seek ya kwanza, linganisha nafasi na f.length(). Nafasi ikiwa kubwa kuliko urefu, faili limefutwa na kuanzishwa upya. Seek haitatoa kosa lolote, readLine() itarudisha null tu, na programu itakaa kimya huku mistari mipya ikipita. Katika hali hiyo anza tena kwenye 0.