Kwa nini nesi anakwambia "meza, meza" wakati mpira unapita puani?

Kama umewahi kukaa wodini na mgonjwa wa kiharusi, au mtu aliyefanyiwa operesheni ya utumbo, lazima ulishauona ule mpira mwembamba unaoingilia puani, umebandikwa plasta juu ya pua halafu unapotelea ndani. Wengi tunaujua kwa kuuogopa tu, ukisikia ndugu yako kawekewa mpira wa puani akili inakimbilia kwamba hali imekuwa mbaya, wakati saa nyingine umewekwa ili mtu asikae na njaa siku ambazo hawezi kumeza, au ili maji na gesi vilivyojaa tumboni vitoke aache kutapika. Hiyo ya pili ndo watu hawaijui kabisa. Mgonjwa ambaye utumbo wake umeziba anawekewa mpira huo huo na hapewi hata kijiko cha uji kupitia humo, kazi yake ni kutoa tu, ndo maana unaona mfuko wa pembeni ya kitanda unajaa maji ya kijani na ndugu wanashangaa mbona mtu halishwi.

Sasa turudi kwenye swali. Mgonjwa kakalishwa kitandani, machozi yanamtoka, mpira uko nusu ndani nusu nje, na sista anamwambia "haya mzee, meza... meza tena... hivyo hivyo". Ameze nini jamani wakati ana kitu kooni? Si ausukume tu ufike yaishe?

Jibu liko nyuma ya ulimi. Pale kuna njia panda, mbele inakwenda njia ya hewa mpaka mapafuni, na nyuma yake, karibu kabisa na mifupa ya shingo, unashuka umio unaopeleka chakula tumboni. Tatizo ni kwamba njia ya hewa iko wazi muda wote kwa sababu unapumua, lakini umio kwa juu umebanwa na msuli wa duara ambao kawaida yake ni kufunga. Kwa hiyo mpira ukitoka puani ukashuka wenyewe bila msaada unakutana na njia mbili, ile mbaya iko wazi na ile nzuri imefungwa. Ukisukuma kwa nguvu hapo unajitafutia balaa.

Kumeza ndo kunageuza mambo. Weka kidole kwenye kongoromeo halafu meza mate sasa hivi, utasikia linapanda. Linapopanda hivyo, kifuniko kidogo cha njia ya hewa kinainama, nyuzi za sauti zinabana, pumzi inasimama kidogo, na ule msuli wa umio unalegea ukafunguka kwa muda ambao hata sekunde moja haufiki. Hapo hapo sista anasogeza mpira sentimita kadhaa, anasubiri, "meza tena", anasogeza. Kwa hiyo akikwambia meza anakuomba ufunge njia moja ufungue nyingine, kitu ambacho yeye kwa mikono yake hawezi kukufanyia. Mgonjwa anayeshirikiana anafanya nusu ya kazi.

Ndo maana wengine wanapewa kikombe cha maji na mrija wanyonye kidogo kidogo. Ila hapa pana angalizo, mtu wa kiharusi ambaye akimeza anapaliwa hapewi maji hayo, anaambiwa ameze mate tu, maana mpira wenyewe anawekewa kwa sababu maji yanampalia, sasa ukimpa tena maji umefanya nini.

Na kuna kidevu. Mpira ukishafika nyuma ya koo mgonjwa anaambiwa ainamishe kichwa, kidevu kielekee kifuani. Watu wengi silika yao ni kurudisha kichwa nyuma, wanaona kama ndo wananyoosha njia, kumbe kichwa kikienda nyuma njia ya hewa ndo inanyooka na kukaa tayari kupokea. Ukiinama mpira unaelemea nyuma, upande wa umio.

Kabla ya yote hayo kuna kupima. Sista anachukua mpira anaweka ncha kwenye pua, anauvuta mpaka kwenye ndewe ya sikio, kisha anashuka nao mpaka kwenye chembe ya moyo, pale mfupa wa kifua unapoishia, anaweka alama. Kwa mtu mzima inaangukia kama sentimita 50 hadi 60, kutegemea urefu wake. Ukiingia mfupi ncha inabaki kwenye umio na chakula kinaweza kurudi juu kikampalia mgonjwa, ukiingia mrefu sana unajikunja tumboni au unapitiliza kwenda kwenye utumbo. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, saa nyingine kinatoa urefu pungufu, kwa hiyo alama peke yake haimwambii mtu kwamba umefika.

Unene nao una namba zake. Kwenye pakiti utaona 8, 12, 16, 18, hizo sio milimita, ni kipimo kilichoanzishwa na fundi wa vifaa vya hospitali wa Paris aliyeitwa Charrière karne ya 19, kila namba 3 ni milimita 1. Kwa hiyo namba 12 ina unene wa milimita 4 na namba 18 milimita 6. Wa kulisha unakuwa mwembamba, wa kutoa uchafu tumboni mnene ili usizibe. Na ukisikia madaktari wa zamani wanasema mpira wa Ryle, huyo alikuwa daktari Mwingereza, John Ryle, aliuleta mwaka 1921 kwa ajili ya kuvuta maji ya tumbo na kuyapima. Ila wazo lenyewe ni la zamani zaidi, miaka ya 1790 daktari John Hunter wa London alimlisha mgonjwa aliyeshindwa kumeza kwa ngozi ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, iliyovalishwa kwenye fimbo inayopindika iliyotengenezwa na vibamba vya mdomoni mwa nyangumi. Hebu fikiria, halafu sisi tunalalamikia plastiki laini.

Puani kwenyewe, mpira unaelekezwa nyuma, sambamba na sakafu ya pua, sio juu. Tundu la pua kwa kuliangalia utadhani linapanda kuelekea machoni, lakini ndani limelala kwenda nyuma usawa wa masikio. Anayesukuma kuelekea juu anagonga sehemu yenye mishipa mingi ya damu, mgonjwa anatoka damu na wote mnaanza upya. Kwanza anakagua tundu gani linapitisha hewa vizuri, anaziba moja, pumua, anaziba lingine, pumua. Anapaka jeli ya maji, na msomaji usije ukashauri mafuta ya mgando eti yanateleza vizuri, mafuta yakishuka mapafuni hayanyonywi na mwili, yanakaa humo yanaleta nimonia ya aina yake.

Jambo lingine zuri ambalo sio kila mtu analifanya ni kukubaliana ishara mapema. Mgonjwa anaambiwa ukizidiwa inua mkono nitasimama. Inaonekana ndogo lakini mtu anayejua anaweza kusimamisha zoezi anatulia, na aliyetulia anameza, asiyetulia anakaza koo na kushika mkono wa nesi.

Mpira ukiingia njia ya hewa kwa kawaida mgonjwa anakohoa sana, anakosa pumzi, hawezi kutamka neno, midomo inaanza kubadilika rangi. Hapo hakuna kubahatisha, unavutwa nyuma mara moja. Wengi mnadhani basi kama hajakohoa tuko salama. Hapana. Mgonjwa aliyepoteza fahamu, au aliyelegea koo kwa kiharusi, au aliyepewa dawa za usingizi, mpira unaweza kuteremka mpaka kwenye pafu, mara nyingi la kulia kwa sababu bomba lake ni pana na limesimama wima zaidi, na yeye katulia tuli kama hakuna kilichotokea. Mpira ukiwa mwembamba ndo kabisa.

Na hapa ndo napotaka tukae kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu kuingiza mpira sio sehemu ya hatari zaidi. Mpira ulioingia pafuni ukagundulika ukatolewa, mara nyingi mgonjwa anakohoa anapata nafuu. Mpira ulioingia pafuni halafu mtu akamimina uji au maziwa, huyo mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo swali kubwa ni wanajuaje umefika tumboni.

Njia iliyozoeleka sana, na mpaka leo utaiona kwenye wodi nyingi tu, ni kusukuma hewa kwa bomba la sindano huku sista anasikiliza tumboni kwa stetoskopu, akisikia mvumo anasema tayari. Bahati mbaya njia hii haiaminiki. Sauti inasafiri mwilini, hewa iliyopulizwa chini ya pafu au kwenye umio inaweza kusikika tumboni vizuri tu. Nyingine ni kutumbukiza mwisho wa mpira kwenye bakuli la maji kuangalia kama unatoa mapovu, eti ukitoa uko pafuni. Nayo hovyo, tumbo nalo lina gesi linatoa mapovu, na ncha ikiwa imegusa ukuta wa njia ya hewa haitoi povu hata moja. Uingereza mwaka 2005 taasisi yao ya usalama wa wagonjwa iliwaandikia mahospitali waache kutegemea hizo mbinu, na kuanzia 2009 kumlisha mtu kwa mpira uliokaa vibaya bila kugundua kukawekwa kwenye orodha ya mambo ambayo hayatakiwi kutokea hospitalini hata mara moja.

Kinachokubalika ni kuvuta maji kidogo kutoka kwenye mpira na kuyadondoshea kwenye karatasi ya kupima pH, yaani ukali wa asidi, yenye namba na rangi zake, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi. Tumbo lina asidi kali, kwa hiyo ukipata 5.5 au chini unaruhusiwa kuendelea, majimaji ya mapafu kwa kawaida yanakuwa juu ya hapo. Ile karatasi ya litmasi ya bluu na nyekundu ya shuleni haifai, inakwambia asidi ipo ila haisemi kiasi gani. Shida inakuja kwa mgonjwa anayetumia omeprazo au dawa zingine za kupunguza asidi, au aliyetoka kulishwa sasa hivi, namba inapanda hata kama mpira uko mahali pake. Na saa nyingine hamna maji yanayotoka kabisa, hapo wanamlaza kwa ubavu wa kushoto, wanasubiri, wanajaribu tena.

Ikishindikana ni eksirei. Daktari anaangalia kama mpira umeshuka katikati ya kifua bila kufuata bomba la pafu la kulia wala la kushoto, ukapita ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na ncha ikaonekana chini upande wa kushoto. Mpaka hapo pathibitike hakiingizwi kitu, sio uji, sio dawa, hata maji ya kusuuzia mpira.

Wapo ambao puani hapapitishwi kitu. Aliyeumia vibaya usoni au kupasuka fuvu kwa chini, wale wa ajali za bodaboda hasa, mpira unaweza kupenya kwenye ufa ukaelekea kwenye ubongo, imewahi kutokea na ipo kwenye vitabu vya udaktari. Hao wanapitishiwa mdomoni. Aliyekunywa asidi au mwenye mishipa iliyovimba kwenye umio nao ni wa daktari kuamua kwanza. Watoto njiti pia mara nyingi utaona mpira uko mdomoni, kwa sababu mtoto mchanga anategemea pua kupumua na tundu lenyewe ni dogo mno, ukiliziba moja umempunguzia hewa. Na kipimo chake tofauti, hakiishii kwenye chembe ya moyo, kinashuka mpaka katikati ya hapo na kitovu.

Kwa ndugu mnaouguza nyumbani, kuingiza au kurudisha mpira uliochomoka sio kazi yenu, hiyo rudini hospitali. Kazi yenu ni kuangalia ile alama puani kila kabla ya kulisha. Ikisogea, au mgonjwa katapika, au kakohoa sana, au mkifungua mdomo mnaona mpira umejikunja humo, hakuna kulisha mpaka ukaguliwe, hata kama uji umeshapoa na kachelewa kula. Anyanyuliwe kichwa na kifua, angalau nyuzi 30 mpaka 45, uji uwe mwepesi umechujwa, ushuke wenyewe kwa kuinua bomba la sindano juu badala ya kusukuma na pistoni, baada ya hapo maji safi kama mililita 30 ya kusuuza, halafu abaki ameinuka kama nusu saa mpaka saa nzima. Akianza kukohoa au kubadilika rangi katikati ya kulisha, shusha bomba, bana mpira, simamisha kila kitu na mkimbize hospitali.