TV ya nguvu ndogo maana yake nini hasa

Mpwa wangu ni fundi madishi hapa Mtwara, juzi kaja nyumbani, shikamoo mjomba, hata chai hajamaliza kaniuliza hivi TV ya nguvu ndogo ndo ipi, ni ile yenye picha mbaya? Kaikuta kwenye simu imeandikwa kwa herufi tu, LPTV, yaani low power television, na akaelewa kama ambavyo wengi wangeelewa, kwamba ikiwa na nguvu ndogo basi ni mbovu. Sivyo kabisa, na kwa kuwa sio yeye peke yake mwenye mawazo hayo naieleza hapa taratibu.

Nguvu inayosemwa ni ya kurusha mawimbi, haihusu picha wala sauti wala uzuri wa vipindi. Jina lenyewe limetoka kwenye kanuni za Marekani, kule kituo cha namna hii kikiwa kwenye mawimbi ya UHF, yale mafupi, hakiruhusiwi kuzidi kilowati 15, kikiwa VHF, yale marefu zaidi, mwisho kilowati 3, wakati kituo kikubwa cha UHF kinaweza kupewa mpaka kilowati 1,000. Na hizo kilowati 15 usidhani mashine yenyewe inatoa zote. Chukua tochi, balbu yake ni ndogo lakini kile kioo cha nyuma kinakusanya mwanga wote kuupeleka mbele, ndo maana inamulika mbali kuliko balbu tupu. Antena inafanya kazi hiyo hiyo, mashine ya wati mia kadhaa ikifungiwa antena nzuri inayoelekeza mawimbi kwa watu badala ya kuyamwaga angani inahesabiwa kuwa ni kilowati kadhaa. Kwahiyo mtu aliyekaa karibu na kituo kidogo anapata picha safi kama ya kituo kikubwa, tofauti inakuja ukianza kusogea mbali.

Na umbali wenyewe nguvu peke yake haiuamui. Mawimbi ya TV yanaenda karibu na mstari ulionyooka, dunia ni duara, kwahiyo kuna mahali ardhi inajikunja na kuyaficha. Mnara wa mita 30 ukichanganya na antena ya nyumbani iliyoko juu ya mti wa mita 9 hivi unapata kama kilomita 35, hapo ni tambarare tupu hakuna kilima. Sasa weka mnara huo Mtwara mjini. Mikindani unaifikia bila shida, ni kama kilomita 10 tu, ila Lindi iliyo kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka sahau, na kule Newala juu kwenye uwanda wa Makonde pia sahau, hata uongeze mafuta kwenye jenereta usiku kucha.

Nasema Mikindani unaifikia lakini nayo inategemea umekaa wapi. Zamani kaka yangu alipanga kule chini karibu na ghuba, kilima kiko nyuma ya nyumba, na matangazo yalikuwa yanatoka mjini. Kila jioni mmoja anashika mwanzi wenye antena uani, mwingine yuko dirishani, mwingine ndani mbele ya TV, zungusha, zungusha, hapo hapo usiguse, akiachia tu mwanzi zinarudi chenga. Kumbe mikono yenyewe na mwili wa yule aliyeshika vilikuwa vinachangia kudaka mawimbi, ndo maana kila akiondoka picha inaondoka nae. Jirani aliyejenga juu kilimani hana antena ya maana lakini picha kwake imetulia kabisa. Kituo ni kile kile, nguvu ni ile ile. Tangu siku zile mtu akiniambia kituo fulani ni kibovu namuuliza kwanza we unakaa wapi.

Sasa historia yake. Marekani kabla hawajaanza na hivi vituo walikuwa na mitambo ya kurudishia, tume yao ya mawasiliano FCC iliiruhusu rasmi 1956. Kazi yake, watu wa mabondeni huko milima ya magharibi hawapati kitu, basi wanafunga mtambo mdogo juu kilimani, unadaka mawimbi ya kituo cha mjini, unayahamishia chaneli nyingine na kuyamwaga bondeni. Hauna studio, hauna mtangazaji, unarudia ya wenzake tu. Mara nyingi wananchi wenyewe ndo walichanga kuununua. 1982 FCC ikabadilisha, ikasema mitambo midogo kama hii inaweza kurusha na vipindi vyake yenyewe, na hapo ndo LPTV ilipozaliwa. Maombi yalimiminika mno mpaka ikabidi leseni zitolewe kwa bahati nasibu. Miji ambayo haikuwahi kujiona kwenye TV ikaanza kuona mechi za shule zake, vikao vya baraza lao, ibada za kanisa la mtaani, na wahamiaji nao wakapata vituo vya lugha zao. Hii kwangu ndo sehemu yenye thamani kuliko zote, maana kituo cha kilowati 1,000 kinachohudumia watu milioni hakiwezi kutenga nusu saa ya mechi ya sekondari, lakini cha kata mbili tatu kinaweza, na mama wa yule kipa atakaa kuangalia dakika zote.

Ila kulikuwa na sharti, na ukilikosa hili hujaijua LPTV. Kisheria ni huduma ya daraja la pili. Umepanda Hiace ya Masasi ukawekwa kile kiti cha kukunja pale njiani, nauli umelipa kama wenzako, lakini kila anayeshuka nyuma we unainuka. Ndo LPTV hiyo. Haitakiwi kuingilia mawimbi ya kituo kikubwa, yenyewe ikiingiliwa inavumilia, na kituo kikubwa kikihitaji ile chaneli mdogo anaondoka akatafute nyingine, asipopata anazima. 1999 bunge lao likapitisha sheria ya kuwakinga baadhi, likaanzishwa daraja linaitwa Class A, masharti yake kituo kiwe hewani angalau saa 18 kwa siku na kirushe angalau saa 3 kwa wiki za vipindi vilivyotengenezwa eneo hilo hilo. Mi naona waliweka kipimo mahali sahihi, hawakuuliza una pesa kiasi gani, waliuliza unawatengenezea nini watu wa hapo.

Walioachwa nje ya kinga hiyo waliumia baadae. Mnada wa masafa uliomalizika 2017 uliondoa chaneli 38 mpaka 51 kwenye TV zikaenda kwenye simu, wadogo waliokuwa humo wakaambiwa wahame. Analojia, yaani mfumo wa zamani wa kurusha kabla ya dijitali, vituo vikubwa viliizima 2009, hawa wadogo wakavumiliwa mpaka 13 Julai 2021. Na kuna waliokuwa chaneli 6, sauti ya chaneli hiyo kwenye analojia inaangukia karibu na 87.7 FM, kwahiyo ilisikika kwenye redio za kawaida na wengine wakaishi kama redio kabisa huku leseni yao ni ya TV.

Kwetu je? Bara tulikaa bila televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar wanayo tangu miaka ya 1970. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndo iliyofungua mlango kwa watu binafsi. Lakini sisi hatukuwa na daraja linaloitwa nguvu ndogo, mamlaka yetu ya mawasiliano TCRA inagawa leseni kwa eneo unalohudumia, taifa, mkoa, wilaya au jamii, kwahiyo ukitaka ndugu wa LPTV huku kwetu mtafute kwenye leseni za wilaya na jamii. Halafu dijitali ilipokuja, Dar wakazima analojia 31 Desemba 2012 na mikoa ikafuata kwa awamu, kazi ya kurusha ikaondoka kwa kituo ikaenda kwa kampuni maalum zenye leseni ya mitambo, ambazo zinabeba chaneli nyingi kwenye wimbi moja na kuzileta kwenye king'amuzi. Toka hapo kituo kidogo hakina mnara wake wa kuogopa kilima, kinatengeneza vipindi tu na kulipia kubebwa, na hiyo gharama kwa mtu wa mtaji wa duka ni mzigo kweli kweli.

Ndo maana ukitafuta leo huku kusini TV inayokaribiana na ile ya 1982, mara nyingi itakuwa ya kwenye kebo. Mwenye kebo anatandaza waya juu ya nguzo mtaa kwa mtaa, anajaza chaneli za satelaiti, na chaneli moja anaweza kuiacha kwa ajili ya mambo ya hapo hapo, harusi, mechi ya uwanja wa Nangwanda Sijaona, bei za korosho mnadani, matangazo ya vifo. Huyo hana mawimbi angani na kilowati hazimhusu. Mpwa wangu akaniuliza sasa mjomba huyo mwisho wake ni wapi kama sio nguvu wala kilima. Nikatoka nae nje nikamwonyesha nguzo ya kona pale, waya umezungushwa ukafungwa, nyumba ya pili yake hawana.