Si Shetani, na Anakusikia

Hapa Wete, Pemba, mtoto mwenye mtindio wa ubongo husemwa mbele yake mwenyewe: "Maskini, kachezewa na shetani, haelewi kitu." Si kweli. Ubongo wake uliumia tumboni, wakati wa kuzaliwa au uchangani: pengine alikosa hewa, alizaliwa njiti, au alipata manjano makali. Mtindio hauambukizi. Kinachogoma hasa ni amri ya ubongo kwa misuli, ndiyo maana mkono unakakamaa, ulimi mzito, udende unamtoka. Wapo wengi wenye akili nzima! Mpwa wangu nikimuuliza, "Chai au uji?" huhangaika nusu dakika, shingo imepinda, mpaka jicho litue kwenye kikombe cha chai. Ndilo jibu lake hilo. Basi mngojee, na umuulize yeye, si mama'ake.