Je, wajua kwa nini seva ya SFTP humkatalia mtumiaji folda yake mwenyewe?

Umemfungulia Amina akaunti kwenye seva ya kupokelea mafaili kwa SFTP, njia salama ya kuhamisha mafaili mtandaoni. Umemtengenezea folda, ukamfanya mmiliki wake, ukampa ruhusa zote. Kisha ukaandika kwenye mipangilio ya OpenSSH, programu inayoiendesha seva hiyo, kwamba akishaingia asione chochote nje ya folda hiyo. Anaingiza nenosiri, linakubaliwa, na papo hapo mawasiliano yanakatika. Kwenye kumbukumbu za seva unakuta malalamiko: bad ownership or modes for chroot directory, yaani umiliki au ruhusa za folda aliyofungiwa hazifai.

Wengi hapo hukimbilia chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, na seva inazidi kukataa. Kosa si uchache wa ruhusa. Folda imekataliwa kwa sababu ni mali ya Amina.

Katika Linux na jamaa zake, folda ni orodha ya majina. Ruhusa ya kusoma, inayohesabiwa 4, hukuonyesha orodha. Ya kupita, yenye thamani ya 1, hukufikisha kwenye kilichomo. Ya kuandika, yaani 2, hukuwezesha kuibadilisha orodha yenyewe, na hii ndiyo inayodharauliwa. Mwenye ruhusa ya kuandika na kupita kwenye folda anaweza kufuta faili la mtu mwingine lililomo humo, hata kama haruhusiwi kulisoma. (Folda ya /tmp imewekewa alama maalumu ya kuzuia jambo hilo, ndiyo maana watu wengi huitumia pamoja bila kufutiana kazi.)

Sasa tazama kifungo chenyewe, yaani kule kumfungia Amina ndani ya folda. Kinategemea chroot, kitu kilichokuwemo ndani ya Unix toleo la 7 tangu 1979. Hakijengi ukuta mpya. Kinaibadilishia programu maana ya alama ya mkwaju, ile inayosimama kwa mwanzo wa njia zote. Kwa Amina, "/" sasa ni /srv/sftp/amina. Programu yoyote ndani ya kifungo ikitafuta orodha ya watumiaji katika /etc/passwd, au maktaba zake katika /lib, itazitafuta ndani ya folda ya Amina.

Na kama folda hiyo ni yake, nani atamzuia kutengeneza etc yake na lib yake? Programu yenye mamlaka ya msimamizi mkuu ikizisoma, itaziamini. Ni sawa na mpangaji aliyeachiwa hati ya nyumba: utamfungiaje chumbani wakati msingi ni wake?

Kwa hiyo OpenSSH, tangu ilipoleta mpangilio wa ChrootDirectory mwaka 2008, hutaka folda ya kifungo iwe ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva, na isiandikike na kundi wala mtu mwingine. Sharti hilo linaigusa kila folda iliyo juu yake pia: /srv/sftp, /srv, hadi mwanzo kabisa. Anayemiliki folda ya juu anaweza kubadilisha jina la iliyo chini na kuweka yake mahali pake. vsftpd nayo, programu ya seva za FTP, kuanzia toleo la 2.3.5 la mwaka 2011, ilianza kukataa kumpokea mtumiaji aliyefungiwa kwenye folda anayoweza kuiandika. Mimi nauona ukali huu kuwa wa haki, ingawa umewakesha wengi.

Dawa ni kutenganisha kifungo na mahali pa kazi. Mwachie root folda ya /srv/sftp/amina, kwa ruhusa 755 (tarakimu ya kwanza ni jumla ya ruhusa za mmiliki, ya pili za kundi, ya tatu za wengine). Ndani yake tengeneza folda nyingine, iite pakia, hiyo ndiyo iwe ya Amina kwa ruhusa 700. Kama ofisi ya uhasibu inapaswa kuyafikia anayoyaleta, ipe folda hiyo kundi la wahasibu na ruhusa 2750. Ile 2 ya mbele huyafanya mafaili mapya yarithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeyapakia.

Hata hivyo Amina anaweza kukupigia simu tena: ameingia, lakini kila faili analolituma linakataliwa. Amesimama kwenye "/", ambako hana haki ya kuandika. Ongeza -d /pakia baada ya neno internal-sftp (huduma ya SFTP iliyomo ndani ya OpenSSH) kwenye mipangilio, naye atakuwa akiingia moja kwa moja kwenye folda anayoimiliki.