Akiolojia ya jinai: jinsi kaburi la siri linavyosomwa

Akiolojia ya jinai ni matumizi ya mbinu za akiolojia, yaani kupima, kufukua tabaka kwa tabaka na kuandika kila hatua, katika kutafuta na kutoa mabaki ya watu ambao vifo vyao vinachunguzwa kisheria. Wengi huichanganya na kazi ya mtaalamu wa mifupa. Huyo huuliza mfupa: ni wa mtu wa umri gani, wa kike au wa kiume, uliumia vipi. Mwanaakiolojia huanza mapema zaidi, kwenye udongo. Shimo lilichimbwa kwa kifaa gani? Mwili ulilazwa au ulitupwa? Kuna aliyerudi baadaye kulifukua? Mfupa ukishang'olewa bila vipimo, majibu ya maswali hayo yamepotea, na hakuna maabara itakayoyarudisha.

Kazi hii inawezekana kwa sababu moja: ukichimba shimo ukalifukia, udongo haurudi ulivyokuwa. Ule mweusi wa juu huchanganyika na wa chini, uwe mwekundu au wa njano, na mchanganyiko huo hubaki na madoadoa kwa miaka mingi, hata karne. Udongo uliovurugwa ni laini na hushika maji zaidi, kwa hiyo majani juu yake huweza kustawi kuliko ya jirani. Miezi inavyopita unashindiliwa kwa uzito wake, na pale juu hubaki kibonde. Wakati mwingine hutokea kibonde kingine kidogo ndani yake, pale tumbo la marehemu lilipobonyea.

Hapo ndipo wengi huitegemea mno rada ya kupenya ardhini. Rada haitambui mifupa; kwa kawaida huonyesha mahali udongo ulipovurugwa tu, na kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji mawimbi yake hufifia upesi. Bomba lililofukiwa au kisiki kilichong'olewa huweza kufanana na kaburi. Uthibitisho hupatikana kwa kuondoa udongo wa juu na kutazama rangi. Eneo likiwa kubwa hutumika katapila lenye ndoo isiyo na meno, likikwangua sentimita chache kwa kila pito, huku mtaalamu akisimama mbele ya ndoo, macho chini, tayari kuinua mkono wa kusimamisha.

Ukingo wa shimo ukishaonekana, husafishwa kwa mwiko wa mwashi unaovutwa kuelekea kwako. Ardhi ikiwa kavu hunyunyiziwa maji kidogo ili rangi zijitokeze, kisha mstari huwekewa misumari na kamba na kupigwa picha. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuchimba handaki kuuzunguka mwili hadi ubaki juu kama uliowekwa mezani. Picha hupendeza, lakini kuta za kaburi zimeshakatwa. Kwenye kuta hizo ndipo huwa na alama za sepetu, upana wake kamili na hata pengo la ncha iliyovunjika. Kwenye mfinyanzi, udongo wa kujazia hubanduka wenyewe ukutani na kuiacha alama safi kama ya kidole kwenye chungu kibichi. Njia sahihi ni kutoa udongo wa kujazia peke yake, sentimita 5 hadi 10 kwa awamu, huku kuta na sakafu zikiachwa nzima. Na udongo wote huchekechwa.

Kuchekecha ndiko kunakookoa mikono na miguu. Mtu mzima ana mifupa 206 kwa kawaida, na 106 kati yake, zaidi ya nusu, imo kwenye viganja na nyayo. Mifupa ya kifundo cha mkono hufanana na changarawe, na ncha za mifupa ya mtoto ambazo hazijaungana ni rahisi zaidi kutupwa kama mawe. Kwa mtu mzima chekeche la milimita 5 hutosha sehemu nyingi. Kwa mtoto matundu hupunguzwa hadi milimita 1 au 2. Kila kiganja hufukuliwa kwa kijiti cha mwanzi na brashi laini, kwa sababu chuma huacha mkwaruzo unaoweza kudhaniwa ni wa kisu. Cha kulia na cha kushoto huwekwa kwenye mifuko tofauti ya karatasi. Plastiki hufunga unyevu na kuleta ukungu.

Kabla ya mfupa wowote kuinuliwa, mwili wote hupigwa picha ukiwa na kipimo na mshale wa kaskazini. Mifupa miwili ya mkono mmoja, karibu na kifundo, ikilala juu ya miwili ya mkono mwingine, mgongoni, ni dalili kwamba mikono huenda ilifungwa hata kama kamba imeshaoza. Risasi ikiwa udongoni chini ya fuvu, lazima kuuliza kama mtu huyo alipigwa akiwa tayari shimoni. Kwa hiyo mwili ukishatolewa, sakafu hupitiwa kwa kifaa cha kutambua metali na kukwanguliwa zaidi.

Muda hukadiriwa kwa vitu vidogo. Sarafu huonyesha kwamba shimo halikufukiwa kabla ya mwaka uliochapwa juu yake. Mzizi uliopenya katikati ya mbavu, pete zake zikihesabiwa, huonyesha idadi ya chini kabisa ya miaka ambayo mwili umekaa hapo. Mfupa uliovunjika karibu na kifo huwa na kingo zenye rangi ileile ya mfupa; uliovunjwa na mfukuaji huwa na kingo nyeupe. Aliyeuvunja lazima aandike hapohapo kwenye fomu, la sivyo wakili atauliza swali hilo mahakamani.

Madhara ya kuruka hatua hizi yalionekana Argentina. Mwanzoni mwa 1984 makaburi ya watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi yalifukuliwa kwa makatapila. Mifupa ikavunjika na kuchanganyika. Mwaka huohuo Clyde Snow, mwanaanthropolojia wa Marekani, alianza kuwafundisha wanafunzi wa huko kufukua kwa mwiko, na wakaunda timu ambayo baadaye ilifanya kazi nchi nyingi.

Mfano mgumu zaidi ni Srebrenica, Bosnia. Baada ya mauaji ya Julai 1995, ambapo maelfu ya wanaume na wavulana Waislamu waliuawa, wahusika walirudi miezi michache baadaye na mashine, wakachota miili na kuihamishia makaburi mengine. Lakini mashine huchota pia udongo. Kwenye kaburi la Kozluk kulikuwa na vipande vya chupa za kijani na lebo zake. Vitu hivyohivyo vilikutwa kwenye makaburi ya barabara ya Čančari, na mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi hizo ikaunganisha maeneo hayo mawili. Mashine ziliikata miili, kwa hiyo mabaki ya mtu mmoja yaliweza kupatikana kwenye makaburi zaidi ya moja, yakaunganishwa kwa vinasaba. Baadhi ya familia zilimzika mtu wao, kisha zikaombwa ruhusa ya kulifungua kaburi tena, kwa sababu mfupa mwingine wake ulikuwa umepatikana.